Kura, Rangi na Ukoo: Historia Fupi ya Istilahi za Haki ya Uchaguzi

Neno kura limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuiachia bahati iamue nani apate na nani akose. Siasa ya uchaguzi imeligeuza neno hilo: kura sasa ni hiari ya mtu. Lakini katika Tanganyika ya ukoloni hiari hiyo ilifungwa kwa rangi.

Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimika kuchagua wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Aliyechagua pungufu, kura yake iliharibika. Tena ilimpasa awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Mfugaji wa Tarime au wa Ikoma ambaye mali yake yote ilikuwa zizini hakuwa na kura, hata kama ng'ombe wake walijaa bonde. Katika uchaguzi wa 1960 bado viti 21 kati ya 71 vilitengwa kwa Waasia na Wazungu.

Katiba ya 1977, Ibara ya 5, inampa haki ya kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Marekebisho ya 1984 yaliingiza haki za binadamu, na Ibara ya 13 ikafasili neno kubagua kwa kutaja, pamoja na mengine, utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, rangi na dini.

Hapo ndipo penye kazi ya mwanaistilahi, kwani ukoo haukutajwa. Huko Tarime, Wakurya ni kabila moja, lakini wamo Wairegi, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru, Wanchari na wengineo. Kila kundi kwa Kikurya huitwa ikiaro. Kiswahili hulitaja kundi hilo kuwa ukoo, ingawa ikiaro ina eneo lake, na ndani yake mna koo nyingi ndogo. Wilayani Serengeti, Wangoreme, Waikoma na Wanata huhesabiwa kuwa makabila. Basi mtu akibaguliwa katika uchaguzi kwa ajili ya kundi lake, huku Serengeti atasimama juu ya neno kabila. Kule Tarime itambidi atafute hifadhi katika pahala alipotokea.

Yafaa neno kabila lipewe fasili ya kisheria itakayoingiza ukoo na ikiaro. Rangi ilitajwa kwa jina lake ikapigwa marufuku. Haki isiyo na jina ni taabu kuidai mahakamani.