Akiba Huru: Mtandao wa Usimamizi Katika Mifumo ya Makabati Mengi

Tarehe 4 Oktoba 2021, ilipokaribia saa kumi na mbili jioni kwa saa za Rwanda, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima. Mfanyabiashara wa Gihundwe, wilayani Rusizi, aliyekuwa akimwandikia mwenzake wa Bukavu angesema tu kwamba rezo, yaani mtandao, imekata. Lakini kosa halikuwa kwenye minara ya Rusizi. Kesho yake kampuni ya Facebook ilieleza kuwa amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata viungo vyote kati ya vituo vyake vya data. Kilichofanya tatizo lidumu kwa karibu saa sita ni kwamba njia ya pembeni, ile ambayo mafundi huingilia kwenye mitambo njia kuu inapokufa, nayo ilikuwa imekufa. Ikabidi watu wasafiri hadi kwenye vyumba vya seva, ambavyo vimejengwa makusudi viwe vigumu kuingilika.

Njia hiyo ya pembeni ndiyo naiita mtandao wa usimamizi. Ndani ya karibu kila seva ya kisasa mna kompyuta ndogo iliyochomelewa kwenye bodi kuu, yenye tundu lake la waya na umeme wake mdogo, inayobaki macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Hupima joto, huhesabu mizunguko ya feni, huandika kumbukumbu za hitilafu, na ndiyo inayopokea amri ya kuwasha au kuzima. Mwaka 1998 Intel, Dell, HP na NEC walikubaliana lugha moja ya kuzungumza nayo, IPMI. Mwaka 2015 ikaja Redfish. Data za wateja hazipiti huku. Hupita amri na taarifa za afya ya mitambo tu, kwa hiyo mtandao huu hauhitaji kasi kubwa. Unachohitaji ni kuwa hai wakati kila kitu kingine kimekufa.

Seva moja husimamiwa kwa waya mmoja, na kazi imekwisha. Makabati sitini ni jambo jingine. Mashine ya Blue Gene/L ya IBM, iliyokamilika mwaka 2005 katika maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, ilikuwa na makabati 64 yenye vitengo 65,536 vya kukokotoa, na mitandao mitano tofauti. Mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa udhibiti pekee. Mashine za Cray XT zilipanga usimamizi kwa ngazi: kidhibiti katika kila bamba la vichakataji, kidhibiti kingine katika kila kabati, na juu yao kituo kimoja cha usimamizi. Mpangilio huo wa ngazi hupunguza waya, lakini una gharama yake. Kidhibiti cha kabati kikifa, kabati zima linakuwa bubu, ingawa pengine seva zake bado zinafanya kazi na kupata joto pasipo mtu kujua.

Hapo ndipo mbunifu anapoongeza cha pili: vidhibiti viwili kwa kila kabati, swichi mbili, mtandao A na mtandao B. Njia rahisi kwa fedha ni kuunganisha makabati kwa mnyororo, moja hadi jingine, kisha kulirudisha la mwisho kwa la kwanza ili kufunga pete. Waya ukikatika sehemu moja, ujumbe huzunguka upande wa pili. Swichi za kawaida zikifungwa pete bila kinga, ujumbe huzunguka bila kikomo mpaka mtandao ujae. Ndiyo maana kanuni aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 akiwa kampuni ya DEC, ya kuacha tawi moja likilala hadi lihitajike, bado inatumika. Lakini mimi siipendi pete kwa mifumo mikubwa. Kabati moja likizimwa kwa matengenezo, na katika mfumo wa makabati mengi hilo ni jambo la kila wiki, pete tayari imekatika. Hitilafu ya pili inaweza kutenga kundi zima la makabati. Afadhali kila kabati lipelekewe waya mbili moja kwa moja, mmoja kwa swichi ya A na mwingine kwa swichi ya B, hata kama waya utakuwa mrefu mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, mbili kwenye mchoro zinaweza kuwa moja sakafuni. Anayetoka Gihundwe kwenda Kigali kwa lami ana barabara mbili: ya msitu wa Nyungwe kupitia Huye, na ya kandokando ya Ziwa Kivu kupitia Karongi. Ukitazama ramani kwa haraka unajiona salama. Lakini zote mbili huanza na kipande kilekile, kutoka Kamembe hadi Ntendezi, na huko ndiko zinakoachana. Mlima ukiporomoka kabla ya Ntendezi, umepoteza zote mbili kwa mkupuo. Kinachokuokoa ni boti au ndege, kwa sababu hazikanyagi barabara kabisa.

Ntendezi za mtandao wa usimamizi zimejificha vizuri. Swichi A na B huchomekwa kwenye chanzo kimoja cha umeme. Waya zote mbili hupita trei moja chini ya sakafu. Vidhibiti viwili vina programu ya toleo lilelile, yenye kasoro ileile. Lakini ninayoiogopa zaidi ni huduma ya kuhakiki nywila: fundi anafika kwenye mtandao B ulio mzima kabisa, anaandika jina lake, kisha kidhibiti kinakwenda kuuliza seva ya utambulisho iliyo upande wa mtandao wa kazi, ule wa data za wateja, uliokufa. Canada waliyaona mambo ya jamii hii tarehe 8 Julai 2022, pale mtandao wa kampuni ya mawasiliano ya Rogers ulipokatika na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma, wengine wakashindwa hata kupiga simu za dharura. Mtandao wa usimamizi wa Rogers ulitegemea kiini kilekile kilichoanguka, na mafundi walipoteza macho yao wakati walipoyahitaji mno.

Sasa tuje kwenye istilahi ya kuwa na cha pili namna hii. Mafundi wengi husema "ridandansi", neno linalotoka kwenye Kilatini cha kufurika. Tukilitafsiri kwa maana hiyo tunapata "ziada", na ziada ndiyo ya kwanza kufutwa mhasibu anapopunguza bajeti. Wengine husema "urudufu". Ni neno safi, lakini linatokana na kutoa nakala, na nakala hurithi makosa ya asili yake. Vidhibiti viwili vyenye kasoro moja ni urudufu kamili na havimwokoi mtu. "Mbadala" hulenga kinachoingia baada ya cha kwanza kuondoka, ilhali A na B zinapaswa kufanya kazi sambamba kila siku, la sivyo hujui kama B bado ipo.

Napendekeza "akiba huru". Akiba kila mtu anaijua kuwa ni kitu kilichowekwa kwa makusudi, kama askari wa akiba au chakula cha akiba, wala hakuna anayeiona kama upotevu. Sifa ya "huru" inabeba sharti ambalo maneno mengine yanaliacha: isitegemee kile inachokilinda. Mfumo utaitwa "mtandao wa usimamizi wenye akiba huru", na aliyeusoma mkataba anaweza kuuliza, huru na nini?

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na swali hilo linafaa kuulizwa kwa Kiswahili hata penye kabati moja tu, katika hospitali au ofisi ya wilaya. Kampuni mbili za simu zinaweza kukodi nyuzi ndani ya mkongo uleule, kwa hiyo kununua laini ya pili si ushahidi wa njia ya pili. Kabla ya kusaini, omba ramani ya mahali mkongo unapopita, nguzo kwa nguzo. Kisha, siku ya makabidhiano, chomoa waya wa A mchana watu wakiwa kazini na umwombe fundi aingie kwenye kidhibiti kupitia B, kwa jina na nywila yake mwenyewe.