Ndege wa rangi ya zambarau (Nyarugusu na nyanda za juu za Kigoma)

Ndege wa rangi ya zambarau ni wachache duniani, na katika nyanda za juu za Kigoma wengi wao huonekana weusi mpaka jua liwapate. Wanaoelezwa hapa ni wale wa miombo ya Kasulu na Kibondo, hasa ile inayoizunguka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo, na iliyowapokea Warundi wengi kuanzia mwaka 2015. Isichanganywe na Nyarugusu ya machimbo ya dhahabu, iliyoko mkoani Geita.

Kiswahili kina maneno mawili kwa rangi hii. Urujuani limetoka katika Kiarabu na hutumika zaidi vitabuni. Zambarau ni tunda kwanza, rangi baadaye, na kwa ndege hawa ndilo neno linalofaa zaidi: chukua zambarau bivu, lifute vumbi kwa kitambaa, uligeuzegeuze juani. Mng'ao ule unaocheza kati ya weusi na wekundu wa mvinyo ndio mgongo wa kwezi dume.

Kwezi huyo, *Cinnyricinclus leucogaster*, ndiye wa zambarau kuliko wote katika eneo hili. Ana urefu wa sentimita 18 hivi. Dume ni zambarau kichwani, kooni, mgongoni na mabawani, na tumbo lake ni jeupe pe. Jike hana hata tone la rangi hiyo: ni wa kahawia, kifua cheupe chenye michirizi, na mtu asiyemjua atadhani ni ndege wa jamii nyingine kabisa. Wanaishi Afrika kusini mwa Sahara na kusini magharibi mwa Bara Arabu, wakihamahama kufuata mvua na matunda. Hutua juu kabisa ya miti, kwa hiyo anayewatazama kutoka chini huona tumbo jeupe tu. Wakati mzuri wa kumwona dume ni asubuhi, jua likiwa mgongoni mwa mtazamaji, pale mkuyu wa kando ya mto unapoivisha.

Rangi yenyewe si wino. Ukiokota unyoya wa dume na kuuinua kati ya jicho lako na jua, zambarau inapotea na unaona kahawia iliyokolea. Ukiusaga juu ya jiwe, unapata vumbi lisilo na zambarau hata chembe. Ndani ya unyoya kuna chembe ndogo mno za melanini, ileile inayoweka weusi katika nywele na ngozi ya binadamu, zimepangwa kwa tabaka ndani ya keratini. Mwanga unaorudi kutoka tabaka moja hukutana na unaorudi kutoka jingine; baadhi ya rangi hufifishana, nyingine huongezeana nguvu, na jicho hupokea zambarau. Mpangilio ukivunjwa, rangi nayo imekwisha.

Tofauti kubwa iko kwa shorobo mwenye kishungi chekundu, *Musophaga rossae*, ndege wa sentimita 50 na zaidi anayekaa misitu ya kando ya mito magharibi mwa Tanzania, Gombe ikiwemo. Mwili wake ni wa buluu-zambarau iliyokolea, mdomo wa manjano, na anaporuka mabawa yanafunguka wekundu wa damu. Wekundu huo ni rangi ya kweli yenye madini ya shaba, iitwayo turasini, na huyeyuka katika maji ya sabuni: unyoya mwekundu ukilowekwa humo, maji yanageuka mekundu. Basi ndege mmoja amebeba rangi inayofulika na rangi isiyoweza kufulika, na mimi sijui ndege mwingine wa Kigoma anayestahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi.

Chozi mgongo-zambarau, *Anthreptes longuemarei*, humpotosha mtazamaji kwa sababu dume wake ana mavazi yaleyale ya kwezi, zambarau juu na nyeupe chini. Ila ni mdogo sana, na mdomo wake umepinda kidogo. Kambu mwenye mdomo mpana wa manjano, *Eurystomus glaucurus*, ana zambarau iliyofifia kifuani na tumboni. Jioni baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi wanapotoka ardhini, yeye huwawinda angani wakati watu wanawakusanya chini kwa ajili ya chakula.

 

Kwezi na kambu hawachongi matundu yao wenyewe. Wanategemea tawi lililooza, shina lililopasuka au tundu lililoachwa na kigogota, yaani mti mzee au mti mkavu ambao bado umesimama. Mti huohuo ndio kuni bora. Nyarugusu imewahi kuwa na watu zaidi ya 100,000, wengi wao wakipika kwa kuni, na hakuna wa kumlaumu mama anayetembea saa kadhaa kutafuta za kuivishia maharage ya watoto. Hata hivyo mti mkavu ukiangushwa, tundu lake limekwenda nao, na mche unaopandwa leo utahitaji miaka mingi kabla ya kuwa na tundu jingine.

Kiota cha kwezi kinatambulika bila kupanda mti. Jike hutandika majani mabichi tunduni na huendelea kuyaongeza hata anapoatamia mayai yake ya buluu hafifu yenye madoa. Ndege wa kahawia akionekana anaingia shinani na jani bichi mdomoni, mti huo una wenyewe.