Hisabati kwenye ncha za vidole

Mjini Moscow, miaka ya 1920, mshona nguo aitwaye Tatyana Andreyevna alikuwa akimsomea mwanawe vitabu vya hisabati ambavyo yeye mwenyewe hakuvielewa. Mwana, Lev Pontryagin, alipoteza macho akiwa na miaka 14 baada ya jiko la mafuta kulipuka. Mama hakujua majina ya alama, basi akazitaja kwa sura zake: alama ya muungano wa seti, inayofanana na herufi U, aliiita "mikia juu", na ile iliyopinduliwa, "mikia chini". Kijana alielewa. Akaja kuwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa wa Umoja wa Kisovieti.

Njia hiyo ilimfaa mtu mwenye msomaji wa kudumu nyumbani. Asiye naye alihitaji kitabu cha kushika kwa mikono yake, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Karne mbili kabla ya Pontryagin, Mwingereza Nicholas Saunderson, aliyepofushwa na ndui akiwa mtoto mchanga, alijitengenezea ubao wenye vishimo na pini za vichwa vikubwa na vidogo. Mahali pini ilipochomekwa ndipo palipotoa thamani ya tarakimu, na vidole vyake vilizipitia kwa kasi iliyowashangaza waliomwona. Mwaka 1711 alipewa kiti cha uprofesa cha Cambridge ambacho Isaac Newton alikuwa amekikalia. Lakini ubao ule ulikuwa wa kukokotolea tu. Ulimaliza hesabu, ukafutwa.

Maandishi ya kudumu yaliyo rahisi kusomwa kwa kidole yalikuja na Louis Braille, aliyechapisha mfumo wake Ufaransa mwaka 1829. Nukta nundu zake sita zinakaa katika safu mbili za nukta tatu tatu, na kidole kinazisoma kikitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hadithi au barua, mambo ni shwari. Hisabati, hata hivyo, haitembei kwa mstari mmoja: kipeo kinapanda juu ya herufi, sehemu ina kiasi juu na asili chini, na kipeuo kinafunika vyote vilivyo ndani yake. Jicho huona umbo zima kwa mara moja. Kidole hakina bahati hiyo.

Tatizo la pili lilikuwa la tarakimu. Braille aliazima herufi kumi za mwanzo, a mpaka j, akaweka alama ya namba mbele yake, hivyo 1 ni "a" na 2 ni "b". Kuandika tarehe kwa mtindo huo hakuna tabu, lakini katika aljebra, ambamo herufi na namba zinakaa bega kwa bega, msomaji analazimika kuarifiwa kila mara kama anagusa hii au ile. Henry Martyn Taylor, mwanahisabati wa Cambridge aliyepofuka mwaka 1894, alitunga alama za hisabati zilizochapishwa mwaka 1917 na kutumika hata ng'ambo ya Atlantiki. Zilisaidia wengi. Mmarekani mmoja hakuridhika nazo.

Huyo ni Abraham Nemeth, aliyezaliwa New York mwaka 1918 bila uwezo wa kuona. Baba yake akimtembeza mitaani alimshikisha herufi zilizotokeza kwenye masanduku ya posta, na ndivyo mtoto alivyojua sura za herufi za wanaoona. Alipenda hisabati, lakini washauri wake wakamsukuma kwenye saikolojia, kwa kuwa waliona hisabati haimfai asiyeona. Akachukua shahada ya uzamili ya saikolojia Columbia mwaka 1942, na kazi ya saikolojia asipate. Mkewe, Florence, ndiye aliyemuuliza kama hangependelea kukosa kazi akiwa mwanahisabati kuliko kukosa kazi akiwa mwanasaikolojia. Ni swali lenye hesabu safi kuliko ushauri wote aliopewa chuoni.

Akarudi darasani jioni. Ili ajiandikie masomo, akaanza kubuni alama zake, mwaka 1946. Tazama alivyozifanya tarakimu: herufi a mpaka j zinatumia nukta nne za juu tu, mstari wa chini unabaki mtupu. Nemeth akazishusha zote hatua moja. Kidole kikikuta nukta ya juu kushoto, hiyo ni "a"; kikikuta ya katikati, hiyo ni 1. Kwa sehemu, akaweka alama moja ya kufungua, nyingine ya mstari wa katikati, na ya tatu ya kufunga, ili msomaji ajue anaingia kwenye sehemu kabla hajaligusa kiasi. Gharama ilikuwepo: nafasi zile za chini zilikuwa zimekaliwa na alama za uakifishaji, ikabidi nyingi kati yake zipewe kitambulisho cha kuzitangulia.

Ulikuwa mfumo wa mtu binafsi mpaka mwanafizikia asiyeona, Clifford Witcher, alipomwomba jedwali la kalkulasi. Nemeth alikuwa nalo, ila kwa alama zake mwenyewe, na akamfundisha. Witcher alikuwa mjumbe wa kamati ya nukta nundu, akamtaka aupeleke mfumo huko. Mwaka 1952 ukawa kanuni rasmi ya Marekani. Nemeth mwenyewe alifundisha hisabati Chuo Kikuu cha Detroit kuanzia 1955, kwa miaka 30, akiandika ubaoni kwa chaki.

Aliwatungia pia kanuni watu waliomsomea kwa sauti. "Moja kujumlisha x gawanya kwa mbili": je, kinachogawanywa ni x peke yake au jumla nzima? Msomaji wake alitakiwa kutamka pale sehemu inapoanza na pale inapoisha. Wazo hilo lilikuja kufaa kompyuta. Mwaka 1994, T. V. Raman, aliyepoteza macho akiwa kijana, alikamilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Cornell kwa programu inayosoma maandiko ya hisabati kwa sauti. Akaiita AsTeR, jina la mbwa wake kiongozi, Aster.

Mabishano ya alama hayajaisha. Nchi zinazotumia Kiingereza zilitengeneza nukta nundu ya pamoja, yenye hisabati ndani yake, na Uingereza ikaamua kuifuata mwaka 2011. Ndani yake tarakimu zimerudi juu, kama za Braille. Mwaka uliofuata Marekani nayo ikaikubali, lakini ikakataa kuiacha ya Nemeth. Leo kila jimbo la Marekani linajiamulia lifundishe hisabati kwa alama zipi, na mwanafunzi anayehama jimbo huenda akalazimika kujifunza upya jinsi ya kuandika 1.