Padri wa Miaka 40 Arudi Shuleni

Hapa Lubumbashi tumesikia mara nyingi watu wakinung'unika: padri huyu ana wakristo wanaomngojea, kwa nini Askofu anamtuma tena kwenye universite? Wakati wake wa shule si umekwisha kupita? Labda na sisi wenyewe tumeyasema maneno hayo. Basi tukumbuke Padri Alexis Kagame.

Alizaliwa Rwanda mwaka wa 1912, akapata upadri mwaka wa 1941. Aliandika katika gazeti Kinyamateka, akakusanya mashairi na habari za kale kwa wazee waliozishika kichwani. Mwaka wa 1952 alitoa kitabu juu ya sheria za utawala wa Rwanda ya zamani. Serikali ya Wabelji haikupendezwa, ikamsukuma Askofu wake amwondoe. Ndivyo alivyofika Roma, kwenye Universite ya Gregoriana, akiwa na miaka 40. Tusifiche jambo hilo: njia yake ya shule ilikuwa pia njia ya kuhamishwa. Akaketi tena mbele ya waalimu, yeye ambaye vitabu vyake vilikuwa vinasomwa.

Na swali alilolichukua lilikuwa limetoka kwetu Katanga. Mwaka wa 1945, mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kilipigwa chapa kitabu cha Padri Placide Tempels, Mfransisko, juu ya filozofia ya Wabantu. Tempels alisema kwamba kwa Wabantu, kuwa ni nguvu. Kagame alitaka ushuhuda: tuulize lugha yenyewe. Akashika shina -ntu la Kinyarwanda, akaona vyote vinaingia katika makundi manne: umuntu, chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, pahali na wakati, ukuntu, namna ya kuwa. Mungu hakumweka humo, kwani ndiye chanzo cha vyote. Sisi tunasema mtu na kitu tangu asubuhi hata jioni, wala hatusimami kuuliza!

Kijana wa miaka 20 angeliweza kujifunza Aristoteli vizuri kumpita Kagame. Lakini angelitoa wapi mashairi yale, na methali, na miaka ile yote ya kukaa chini ya wazee? Ndiyo sababu tunaona kwamba kukawia kwake hakukuwa hasara. Alipata udaktari mwaka wa 1955, na mwaka wa 1956 kitabu chake kikatoka Bruxelles, kimeandikwa kama mazungumzo ya watu wawili.

Wenye elimu wengine walimpinga, wakisema sarufi ya lugha bado si filozofia. Neno lao lina uzito, na waseminari wetu walipime.

Kagame alirudi Rwanda, akawa profesa, akaitwa pia kufundisha hapa Lubumbashi. Mwaka wa 1976, mwenye miaka 64, alitoa kitabu kingine juu ya swali lile lile, safari hii akiuliza lugha nyingi za Wabantu. Akafariki Nairobi mwaka wa 1981.