Gharama ya Shauri: Wameru na Nchi ya Engare Nanyuki

Mtu akinyang'anywa shamba, neno la kwanza limjialo kinywani ni hili, "Nitakwenda kushtaki." Ni mara chache aulizapo kwanza kama baraza aliendealo lina mamlaka ya kumsikiliza.

Wamasai wa Laikipia, katika nchi ya Kenya, waliyaona hayo mwaka 1913. Ole Njogo na wenzake waliweka wakili, wakadai kwamba mapatano ya mwaka 1904 yaliwapa haki ya kukaa Laikipia. Waamuzi hawakufika hata kwenye swali la haki hiyo. Walisema kwamba mapatano yale ni mambo ya dola na dola, wala korti haina uwezo nayo. Shauri likatupwa, na mwaka uo huo kuhama kulikuwa kumekwisha.

Basi tuje kwetu Meru. Baada ya Vita ya Pili Jaji Mark Wilson alitoa shauri kwamba watu wa Engare Nanyuki waondolewe, nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Mwezi wa Novemba 1951 askari walifika. Watu wapata 3,000 walitolewa, nyumba zao zikachomwa moto, nao wakaelekezwa Kingori, kwenye joto zaidi.

Serikali ilikuwa tayari kulipa fidia. Hapa, ndugu msomaji, simama kidogo. Wengi waliikataa fedha ile, kwa maana apokeaye fidia huhesabiwa kuwa ameuza. Gharama hii haiandikwi katika hati ya wakili: mtu aliyechomewa nyumba aziache fedha mezani, ili madai yake yasife. Nami naona ilikuwa nzito kuliko michango yote waliyotozana.

Tena wangeshtaki wapi? Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilikwisha kuiweka nchi yote chini ya mamlaka ya Gavana. Lakini Tanganyika haikuwa koloni kamili. Waingereza waliitawala kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mlango huo ndio walioubisha. Watu walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akavuka bahari mpaka New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda.

Walisikilizwa, jambo ambalo Wamasai hawakulipata. Baraza la Udhamini lilisikitika kwa yaliyotendeka, ila halikuagiza nchi irudishwe. Shauri likapanda hadi Mkutano Mkuu. Mataifa yaliyowaunga mkono yalikuwa mengi kuliko yaliyowapinga; lakini kanuni ilitaka theluthi mbili, nazo hazikutimia. Wakashindwa wakiwa na kura nyingi.

Kirilo alirudi bila mashamba. Akazunguka nchini akiwaeleza watu mambo aliyoyaona huko, na miaka miwili baada ya safari ile, mwaka 1954, TANU ikaanzishwa.