Siku Tisa za Mnara wa Dorman Long: Ubomoaji na Ushahidi wa Kihistoria katika Ukanda wa Chuma wa Teesside

Tarehe 10 Septemba 2021, mnara wa zege uliokuwa South Bank, karibu na mji wa Middlesbrough, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, uliingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, Daraja la II. Usiku wa kuamkia tarehe 19 ya mwezi huohuo ukaangushwa kwa baruti. Katikati ya tarehe hizo mbili uliondolewa katika orodha hiyo. Insha hii inalichukua tukio hilo kuwa mfano wa jambo pana zaidi. Jengo la kiwanda ni waraka wa historia, lakini linapofikishwa mbele ya wenye mamlaka hupimwa kwa uzuri wake au kwa gharama ya kulitunza, na ni nadra kuulizwa lina ushahidi gani ambao haupatikani kwingineko.

Teesside ni eneo lililozaliwa na chuma. Mwaka 1801 Middlesbrough palikuwa pahali penye mashamba machache na watu 25 tu. Reli ilifika mwaka 1830 kwa ajili ya kusafirisha makaa ya mawe. Mwaka 1850 John Vaughan na John Marley wakagundua tabaka kubwa la mawe yenye madini ya chuma katika vilima vya Eston, na kufikia mwaka 1901 mji ulikuwa na wakazi zaidi ya 90,000. Kampuni ya Dorman Long ilikulia katika mazingira hayo. Ndiyo iliyojenga Daraja la Bandari ya Sydney, lililofunguliwa mwaka 1932, na miaka mitatu baadaye Daraja la Birchenough juu ya Mto Save, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Kwa hiyo anayedhani kwamba kilichobomolewa South Bank ni habari ya kata moja ya Kiingereza hajatazama mbali vya kutosha.

Mnara wenyewe haukuwa daraja wala ofisi ya wakurugenzi. Ulijengwa katika miaka ya 1955 na 1956 kuwa ghala la wima la makaa ya mawe yaliyosubiri kuingizwa katika tanuru za koki, yaani makaa yaliyookwa bila hewa ili yafae kuyeyushia chuma. Humohumo mliwekwa tangi la maji ya kuzimia moto. Urefu wake ulikuwa takriban mita 56, na juu yake pakaandikwa jina la kampuni kwa herufi kubwa zilizosomeka kutoka mbali. Mtafiti akiusoma mnara huu kama anavyosoma hati ya zamani, atapata mengi. Ghala linaonyesha kwamba tanuru za koki zilipaswa kulishwa mchana na usiku bila kukatika. Tangi linaonyesha hatari iliyokuwapo kila siku katika kazi ile, hatari ambayo ripoti za faida hazikuona haja ya kuitaja. Herufi nazo zina historia ya pekee. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha kampuni kubwa za chuma, Dorman Long ikiwamo, na kuziunganisha katika shirika la British Steel. Jina likafutika katika muundo wa umiliki, likabaki ukutani kwa zaidi ya nusu karne. Zaidi ya hayo, mnara ulijengwa kwa zege tupu lisilofichwa, mtindo uitwao brutalizimu, na sifa hiyo ilikuwa miongoni mwa hoja za kuulinda.

Hoja hizo hazikudumu. Tarehe 15 Septemba Nadine Dorries aliteuliwa kuwa Waziri wa Utamaduni, na kuondolewa kwa mnara katika orodha kukawa miongoni mwa maamuzi yake ya mwanzo kabisa. Meya wa Tees Valley, Ben Houchen, alikuwa amelipinga wazo la kuulinda kwa hoja kwamba umechakaa, ni hatari, na unazuia miradi mipya yenye ajira. Hoja hiyo haifai kubezwa. Kiwanda cha Redcar kilipofungwa mwaka 2015, kikiwa chini ya kampuni ya Thailand ya SSI, watu zaidi ya 2,000 walipoteza kazi. Mji uliopata pigo kama hilo una haki ya kuuliza mnara mtupu utamlisha nani. Hata hivyo, swali la ajira na swali la ushahidi hayafutani, na siku chache hazikutosha kuyapima yote mawili kwa uzito unaostahili.

Wala Teesside haikuwa inapoteza jengo la kwanza. Kanisa la Mtakatifu Hilda, lililojengwa katika kitovu cha mji wa mwanzo, lilibomolewa mwaka 1969. Jumba la Royal Exchange, walimokutana wafanyabiashara wa chuma tangu mwaka 1868, liliondolewa mwaka 1985 ili kupisha barabara ya A66.

Ujerumani, iliyokumbwa na anguko lilelile la makaa na chuma, ilichagua njia nyingine. Mgodi wa Zollverein mjini Essen ulipofungwa mwaka 1986, serikali ya jimbo iliununua badala ya kuuacha ubomolewe. Mwaka 2001 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kiwanda cha chuma cha Völklingen, kilichofungwa mwaka huohuo wa 1986, kilikuwa kimetangulia kuingizwa mwaka 1994. Huko Duisburg tanuru za Meiderich ziligeuzwa kuwa sehemu ya bustani ya umma. Tofauti hii, kwa maoni ya mwandishi, haielezeki kwa kusema Wajerumani wanapenda zaidi historia yao. Jambo la msingi ni nani alimiliki ardhi siku ya kufungwa, na alipewa muda gani. Ruhr ilipata mpango wa miaka kumi, kuanzia 1989 hadi 1999, wa kuufikiria upya ukanda mzima wa Mto Emscher. South Bank ilipata siku tisa.

Baada ya mnara, yaliyosalia yaliondolewa kwa haraka. Tanuru kuu la Redcar, lililowashwa mwaka 1979 na kuhesabiwa la pili kwa ukubwa barani Ulaya, liliangushwa tarehe 23 Novemba 2022, ingawa baadhi ya wenyeji walikuwa wamefanya kampeni libakizwe kama kumbukumbu. Kati ya alama kubwa za chuma za eneo hilo zinazobaki wima, mbili zinazojulikana zaidi ni madaraja juu ya Mto Tees: lile la Transporter la mwaka 1911 na lile la Newport la mwaka 1934. Yote mawili yanalindwa kisheria. Yanaonyesha namna chuma kilivyotumika, ilhali mahali kilipotengenezewa pamesafishwa.