Selofani: utando uliotoka mtini

Kifungashio kiangavu kinachotokana na mmea hakikubuniwa jana. Mwanzoni mwa karne ya 20, Jacques Brandenberger, mkemia wa Uswisi aliyefanya kazi kwenye viwanda vya nguo nchini Ufaransa, aliona divai ikimwagikia kitambaa cha meza, akaazimia kutengeneza kitambaa kisichonywa maji. Alikipaka viskosi, yaani ute wa selulosi ya miti. Kitambaa kilikakamaa, hakikufaa kitu. Lakini ule utando ulibanduka mzima, mwembamba na mwangavu kama kioo. Akaachana na kitambaa, akaushughulikia utando kwa miaka, hata akapata mashine ya kuuzalisha. Ndiyo selofani.

Ilizuia maji, ila mvuke ulipita, na vyakula vilivyofungwa humo vilikauka. Kampuni ya DuPont ilianza kuitengeneza Marekani mwaka 1924. Mwaka 1927 mkemia wake, William Hale Charch, akapata lakeri nyembamba ya kuziba unyevu. Tangu hapo mnunuzi aliweza kujichagulia nyama, mkate au keki kwa macho, na maduka ya kujihudumia yakanufaika mno.

Gharama yake tusiifiche. Kutengeneza viskosi huhitaji kaboni disalfaidi, sumu inayoharibu neva, na wafanyakazi wa viwanda hivyo waliugua, wengine hadi kurukwa na akili. Kitu kutoka mtini si ushahidi kwamba hakikumdhuru mtu.

Baadaye ikaja polipropilini ya mafuta ya petroli, rahisi zaidi, na selofani ikasukumwa pembeni. Naona hasara kubwa hapo: selofani isiyopakwa kitu huoza udongoni, polipropilini haiozi.

Leo mimea imerudi. Mwaka 2002 kiwanda kikubwa cha plastiki ya mahindi, PLA, kilifunguliwa Blair, Nebraska. Tatizo ni kwamba PLA huhitaji mitambo ya mboji yenye joto la takriban nyuzi 60 ili ioze vizuri. Ikitupwa mtaroni hukaa muda mrefu. Kenya iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019, ziangalie hilo kabla ya kupokea kila kinachoitwa cha mimea.

Selofani yenyewe haijafa. Huko Wigton, kaskazini mwa Uingereza, bado hutengenezwa tando za selulosi, na baadhi hupakwa kinga ya unyevu ambayo nayo huoza pamoja na utando.